Tabu na Chuo cha Ukakamavu

Mwaka ule mvua ilikataa. Mwezi wa kwanza ilitoa ahadi, mwezi wa pili ikanguruma, mwezi wa tatu ikapita mbali juu ya Majabali ya Kwatuka kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Mto ukawa mchanga, mchanga ukawa vumbi, na wanyama wakawa wanatembea vichwa chini, kila mmoja akisaka chake.

Nyani wa Kwatuka walinusurika kwa sababu walijua kuchimba. Kila asubuhi walishuka kutoka kwenye majabali wanakolala, wakafukua visima vidogo katika mchanga wa mto, wakangoja maji yajikusanye, wakanywa kwa zamu. Na ni kwenye visima hivyo ndipo Chui alipowarukia.

Jumbe Manyoya, dume lao kuu, mwenye shingo nene na manyoya ya kuringia, ndiye aliyewahi kufika juu ya jabali kabla ya wote. Baadaye alieleza kwamba alikwenda kukagua njia. Wengine walitawanyika kama makapi. Aliyebaki ni Tabu, mama kijana mwenye kitoto cha miezi mitatu mgongoni, jina lake Kidoti. Tabu alibweka mara moja tu, akachota mchanga mkono mzima, akamrushia Chui machoni. Chui akiwa bado anapikicha macho, Tabu aliwakusanya watoto wanne wa wenzake, akawasukuma mbele yake, huyo, huyo, huyo na wewe, mpaka wote wakawa juu ya mwamba. Chui aliuma hewa, akaenda zake.

Jioni, kina mama walipokaa kutoana chawa, hapakuwa na habari nyingine.

"Tabu ana moyo wa jiwe," alisema mmoja.

"Si moyo, shoga, ni mahali alikotoka. Umesahau? Alizaliwa mwaka wa njaa kuu. Alitafuna mizizi kabla hajaota meno."

"Basi ndiyo hiyo! Taabu imemkomaza. Na sisi wanetu tunawabeba kama mayai."

Tabu aliinamia kichwa cha Kidoti, akajifanya hasikii. Lakini alisikia kila neno, na kila neno lilimwingia tamu kama asali ya msituni.

Kumbe alikuwapo mwingine aliyesikia. Sungura alikuwa amejibanza chini ya kichaka, masikio yamesimama. Sungura huyo alikuwa na haraka ya kupata wazo. Siku mbili nyuma, Fisi alimkamata masikio yote mawili, akafungua kinywa.

"Usinile, Bwana Fisi," Sungura alimsihi. "Mimi ni mifupa na masikio matupu. Nipe siku tano, nikuletee nyama laini mpaka useme basi."

"Mimi sijawahi kusema basi," Fisi alijibu, na hilo lilikuwa kweli kabisa.

"Safari hii utasema."

Fisi alimwachia, mate yakimdondoka, akaanza kuhesabu siku. Sasa Sungura, pale chini ya kichaka, alitabasamu.

Kesho yake alipanda majabalini akiwa ameshika kijiti cha ualimu, amejipaka vumbi jeupe kichwani aonekane mtu mzima.

"Mabibi wa Kwatuka, hamjambo?"

"Hatujambo. Umetoka wapi asubuhi hii, mjanja wewe?"

"Ujanja niliuacha, siku hizi nafundisha. Nimefungua Chuo cha Ukakamavu kule kwenye korongo. Kina pango, kina kivuli, hakina gharama. Mtoto anaingia akiwa teketeke, anatoka akiwa chuma. Kanuni ni tatu tu. Ya kwanza, mtoto anakaa siku tatu. Ya pili, mama haonekani. Ya tatu, anayelia haitikiwi."

Kina mama walikumbatia watoto wao.

"Siku tatu! Bila maziwa?"

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," alisema Sungura kwa upole. "Lakini msiniamini mimi. Mwaminini Tabu. Hebu, Bi Tabu, sema mbele ya wenzio. Mwaka wa njaa kuu ulikuwa unabebwa kutwa?"

Macho yote yakamgeukia. Tabu alijisikia mrefu.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nakaa peke yangu juu ya jiwe. Jua kali, tumbo tupu. Nalikumbuka jiwe lile mpaka leo."

"Mnaona? Jiwe!" Sungura alipiga kijiti chake chini. "Jiwe ndilo lililomlea. Mimi nawapa jiwe kama hilo, tena lenye kivuli."

Sasa, nyani wa Kwatuka wana desturi yao ya kuamua mambo. Hawanyooshi mikono, kwa sababu mikono ina kazi ya kutafuta chawa. Wao huamua kwa makalio. Kila asubuhi, anayetaka njia ya mashariki huketi upande wa mashariki, anayetaka ya magharibi huketi magharibi, na palipojaa ndipo wanapokwenda, bila ugomvi na bila hotuba. Hivyo Jumbe Manyoya alitikisa shingo yake, akasema, "Wanaotaka chuo, kulia kwangu. Wasiotaka, kushoto."

Kila mama alimngoja Tabu. Na Tabu, masikio yake bado yana asali, alikwenda akaketi kulia. Mara ikawa kama maporomoko: mama wa pili, wa tatu, wa kumi. Kushoto alibaki kikongwe mmoja tu, Bi Sikitu, mama yake Tabu, ametulia kama aliyekuja kuota jua.

"Yamekwisha," alisema Jumbe. "Watoto kumi, kesho adhuhuri."

Sungura alishuka mbio kumpelekea Fisi habari.

Adhuhuri ile, wakati wengine wamelala kivulini, Tabu alimfuata mama yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, mbona ulinitia aibu? Ukakaa peke yako kule."

"Sikukaa peke yangu. Nilikaa na akili yangu. Njoo hapa, una kupe nyuma ya sikio." Bi Sikitu alimvuta, akaanza kumchambua. "Hilo jiwe unalolisema, unalikumbuka?"

"Nalikumbuka. Lilikuwa la moto."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Tabu alitafuta kichwani mwake kote. Aliona jiwe, aliona jua, aliona mende mmoja mwekundu. Mama hakumwona.

"Sikumbuki," alisema.

"Ndivyo ilivyo. Kilichokuchoma hukisahau, kilichokupoza hukikumbuki hata kidogo. Nilikuwa hatua ishirini kutoka kwako, nachimba maji. Siku ya kwanza nilichimba kina cha kiganja, ukalia, nikaitika, nikarudi. Siku ya pili nikachimba mpaka kiwiko. Ukilia, naitika: Huu! Nipo! Mwezi ulipokwisha nilikuwa nachimba mpaka begani, nawe huna habari nami, unacheza na mende. Jiwe halikukulea, mwanangu. Jiwe halina maziwa."

Kidoti alikuwa amelala tumboni kwake, kidole kimoja kimeshika manyoya yake.

"Na ukitaka kumwona aliyelelewa na jiwe," Bi Sikitu aliendelea, "tazama kule."

Alionyesha kwa kidevu. Kule pembeni, mbali na kivuli cha wenzake, aliketi Mashaka, dume la rika la Tabu. Jani lilianguka kutoka mtini, na Mashaka akaruka kana kwamba limemng'ata. Vijana wawili wakacheka. Walikuwa wakimcheka hivyo kila siku.

"Mlizaliwa wiki moja, wewe na yeye," alisema Bi Sikitu. "Jua lile lile, njaa ile ile. Mama yake alichukuliwa na Chui, Mashaka akiwa mdogo kuliko huyu Kidoti. Mimi nilikuwa na wewe kifuani, na maziwa yenyewe matone. Makombo tulimtupia, lakini alilia siku tatu, Tabu. Hakuitika mtu. Hata mimi sikuitika. Siku ya nne aliacha kulia, na sisi sote tukasema, loo, mtoto huyu shujaa, amenyamaza."

Mikono ya kikongwe ilisimama.

"Yeye alipata taabu kubwa kuliko yako. Mbona hakuwa chuma?"

Tabu aliinuka. Asali yote ilikuwa imemtoka masikioni. Ni yeye aliyeketi kulia. Ni yeye waliyemfuata. Watoto kumi, na wa kwanza katika hao kumi ni wake.

Alimwendea Mashaka, polepole, kwa mbele, ili asimshtue.

"Ndugu yangu, nisindikize mpaka korongoni. Nataka kuliona hilo pango."

"Mimi? Watu wote hawa, unanichagua mimi? Mimi naogopa hata kivuli changu, uliza wao."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Anayeogopa hasinzii."

Walikwenda. Tabu hakuona kitu, hakusikia kitu. Korongo lilikuwa kimya, pango lilikuwa jeusi, kivuli chake kilivutia. Lakini hatua hamsini kabla ya mlango, Mashaka alisimama. Nywele zote za mgongoni zilisimama pia.

"Humo mna pumzi," alinong'ona.

"Pumzi ya nani?"

"Mwenye njaa. Anapumua kwa mdomo. Na ananuka mifupa ya zamani. Tabu, turudi, tafadhali turudi!"

Tabu alinusa. Upepo ulipobadilika kidogo, akainasa: harufu chakavu ya Fisi.

Walirudi mbio, na Tabu akaenda moja kwa moja kwa Jumbe Manyoya.

"Jumbe, kuna Fisi pangoni."

"Umemwona?"

"Sikumwona. Mashaka amemsikia."

Jumbe alicheka mpaka manyoya yakatikisika. "Mashaka! Juzi Mashaka alimsikia Chui ndani ya kibuyu. Binti, makalio yamekwisha kusema. Na ya kwanza yalikuwa yako. Unataka nionekane jumbe wa kigeugeu?"

Tabu aliona kwamba kubishana na kiburi ni kama kumwagilia mwamba maji. Akaenda kuketi na kufikiri, Kidoti akiwa anamvuta mkia.

Kesho yake adhuhuri, kina mama kumi walishuka korongoni na watoto wao, nyuso zimekunjamana, hatua nzito, na Mashaka akiwafuata kwa mbali. Sungura aliwapokea mbele ya pango, kijiti mkononi.

"Karibuni, karibuni! Wekeni watoto hapo, mgeuke, muende. Msiangalie nyuma."

"Tunaweka, Mwalimu," alisema Tabu kwa adabu. "Lakini kwetu mtoto hakabidhiwi mlezi mkavu. Lazima mlezi achukue harufu ya mtoto, ili mtoto asimkatae. Hujui mila hiyo, msomi kama wewe?"

"Naijua!" alisema Sungura upesi, maana hakuwahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua. "Naijua sana. Haya, nipakeni."

Basi Tabu alimkumbatia kwanza, akamsugulia Kidoti kichwani, shingoni na mgongoni, akamwachia na maziwa kidogo kwenye paji la uso. Mama wa pili akafuata, na wa tatu. Mtoto wa nne alimkojolea. Sungura alikunja pua, lakini akatabasamu, maana kila mkumbatio alikuwa akihesabu mlo mmoja. Walipomaliza, alinuka vitoto kumi vya nyani kwa pamoja.

"Sasa tangulia, Mwalimu," alisema Tabu.

"Nitangulie wapi?"

"Ndani. Nyumba mpya hufunguliwa na mwenye nyumba. Au kwenu ni mgeni ndiye anayemkaribisha mwenyeji?"

Sungura alitazama pango. Alitazama kina mama, ambao sasa walikuwa wanamtazama yeye. "Si lazima," alisema. "Watoto kwanza. Mimi nitakuja baadaye."

"Mwalimu anaogopa giza?" aliuliza mama mmoja.

"Chuo cha Ukakamavu, na mwalimu mwenyewe teketeke!" alisema mwingine, na kicheko kikaanza kutambaa.

Jumbe Manyoya, aliyekuja kusimamia, alikunja uso. "Ingia, bwana. Usituchezee mbele ya watu."

Sungura akapiga hesabu yake ya haraka. Fisi ananijua, alijiambia. Tumepatana asubiri mpaka wawe kumi. Nitaingia, nitakohoa, nitatoka. Akavuta kifua mbele, akaingia.

Lakini ndani ya pango hapakuwa na macho ya kuona. Palikuwa na pua tu, na pua hiyo ilikuwa haijala siku nne. Fisi aliambiwa asubiri kumi. Moja ilipomfikia, ikanuka kumi, alijisemea kwamba hesabu imetimia.

"Mama yangu!" Sauti ilipasuka pangoni. "Niache! Ni mimi! Ni mimi!"

"Mwimi nwani?" alisema Fisi, mdomo umejaa. "Unanuka nyani."

"Sungura! Mwenzako! Tulipatana, nyang'au wewe! Usubiri watoto wote kumi!"

Nje, kina mama kumi walikaa kama waliomwagiwa maji ya baridi. Kisha kila mmoja akamnyakua mwanawe, akamkaza kifuani mpaka mtoto akalia.

"Nisaidieni!" Sungura alipiga kelele. "Nakufa! Jamani, nisaidieni!"

"Kanuni ya tatu!" alipaza sauti mama mmoja. "Anayelia haitikiwi!"

Wakacheka, kicheko cha hasira. Jumbe Manyoya alicheka kuliko wote. "Siku tatu tu, Mwalimu! Utatoka ukiwa chuma!"

Tabu naye alicheka, mara moja. Kisha kicheko kikamkwama. Sauti kutoka pangoni ilikuwa imekuwa nyembamba, imepoteza maneno, ni kilio kitupu. Alimtazama Mashaka. Mashaka hakuwa anacheka. Alikuwa ameziba masikio kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, anatetemeka kama jani.

"Huu!" Tabu aliitika kwa nguvu zake zote. "Huu! Tupo!"

"Wewe vipi?" aliuliza Jumbe. "Unamwitikia mwizi?"

"Naitikia kilio. Mwizi tutamshughulikia akitoka." Akaokota jiwe. "Sisi wengi, Fisi mmoja. Nani anakuja?"

Aliyemfuata wa kwanza, mbele ya mama yeyote na mbele ya Jumbe, alikuwa Mashaka. Alikuwa bado anatetemeka. Aliokota jiwe akitetemeka, alifika mlangoni akitetemeka, alilirusha akitetemeka, na lilimpata Fisi katikati ya pua.

Hapo korongo likalipuka. Nyani walibweka, mawe yakanyesha, pango likarudisha kelele maradufu. Fisi alitoka kasi, manyoya ya Sungura yakimning'inia mdomoni, akala mawe saba mgongoni na la nane mkiani, akapanda ukingo akilia kwamba amedhulumiwa. Toka siku ile hakukanyaga tena Kwatuka.

Sungura alitoka nyuma yake akitambaa, sikio limechanika, nusu ya mgongo haina nywele, ananuka maziwa, mkojo na woga. Kina mama walimzunguka.

"Bi Tabu," alisema, meno yakigongana, "Mungu akulipe..."

"Ya Mungu mwachie mwenyewe," Tabu alisema. "Wewe tupishe. Na chuo chako kimefungwa."

Wakamvunjia kijiti cha ualimu, wakampa njia. Kila jani lililotikisika lilimrusha, kila ndege aliyelia alimwangusha, mpaka akatoweka bondeni. Ulaji aliowaandalia wengine ulikuwa umemtafuna yeye, na tangu hapo mnyama gani Kwatuka angempa Sungura hata kifaranga amshikie?

"Nilijua tangu mwanzo," alisema Jumbe Manyoya.

Kina mama walikuwa wameshampa mgongo.

Walipanda majabali. Njiani mama mmoja alimsogelea Tabu. "Sasa tufanyeje, ndugu yangu? Tuwaweke chini au tuwabebe?"

"Wawekeni chini," alisema Tabu, "lakini pale mnapoweza kuwasikia. Na msinifuate tena kwa sababu nimeketi mahali. Nimeona leo makalio yangu yanavyoweza kupotea."

Walicheka, na safari hii kicheko kilikuwa chepesi.

Juu ya jabali, Mashaka alikwenda kuketi mahali pake pa pembeni, kama kawaida. Lakini Bi Sikitu hakwenda mahali pake. Alijikokota mpaka kule, akaketi nyuma yake, akaweka mikono yake mikavu mgongoni mwake. Mashaka alishtuka, akataka kuruka.

"Tulia," alisema kikongwe. "Nimechelewa, mwanangu. Nimechelewa miaka mingi. Lakini nimekuja."

Mabega ya Mashaka yalipanda, yakakaa juu kwa muda mrefu, kisha yakaanza kushuka kidogo kidogo. Tabu alikuja akaketi upande wa pili, akaanza kumchambua bega, unywele kwa unywele. Kidoti alichungulia kutoka mgongoni kwa mama yake, akaangalia mikono ile ikifanya kazi. Akateremka mwenyewe, akajikwaa, akasimama, akamshika Mashaka mguu, na kwa vidole vyake vidogo visivyojua chawa ni nini, akaanza kutafuta.

Mwana hutazama kisogo cha nina.